Niliandika "Printa Iko Sawa"

Nyinyi mlioniomba niwaandikie kuhusu kazi ya ufundi wa kompyuta, nyinyi mnaotoka chuo mwaka huu na begi mgongoni na simu mbili mkononi, najua mlichotaka. Mlitaka niwaambie vile zamani ilikuwa ngumu na vile tulikuwa tunacheka. Tulicheka, ndiyo. Lakini mimi nimestaafu na hasira yangu, na hiyo ndiyo nitawaandikia. Ikiwachoma, vumilieni.

Kwa miaka mingi nimetengeneza kompyuta na printa hapa Nyeri, na kwingine kokote ambako mtu alikuwa tayari kunirudishia nauli: Karatina, Mukurweini, Kenol, Nanyuki, hadi Timau kwa wale wa mashamba ya maua. Wateja wangu hawakuwa mabenki. Walikuwa shule za kutwa, vyama vya maziwa, maduka ya mbegu, zahanati za kanisa. Na wote walikuwa na ombi lile lile: "Mama Nyambura, tuko na printa moja na kompyuta tano. Fanya hizo zote ziprinti hapo."

Si ombi baya. Mtu mwenye pesa kidogo ana haki ya kutumia akili. Mkiingia mahali kama hapo msianze kuwadharau watu na kuwaambia wanunue printa tano. Fanyeni hivi. Printa chomeka kwa kompyuta moja tu, ile inayokaa wazi muda mrefu kuliko zingine. Hiyo mimi nilikuwa naiita mama. Zile nne ziunganishe na mama kwa nyaya zinazokutana kwenye kisanduku kimoja kidogo, kisha mwambie mama akubali wenzake watumie printa yake. Hakuna kingine cha kununua. Mpe mama anwani isiyobadilika, la sivyo umeme ukipotea na kurudi wale wengine watamtafuta mahali ambapo hayuko. Printa ipe jina fupi lisilo na nafasi katikati. Na ile tabia ya kompyuta ya kulala ikiachwa dakika chache, izime kabisa, kwa sababu mama akilala nyumba nzima inakaa njaa.

Hayo sikuyasoma kitabuni. Mwanzo wangu ulikuwa kwa mzee mmoja wa Karatina, Fundi Wachira, aliyekuwa akitengeneza taipureta kabla hizi kompyuta hazijatufikia. Siku yangu ya kwanza nilivuta karatasi iliyokwama kwa kuirudisha nyuma, kwa nguvu, vile nyinyi mnavuta. Alinipiga kofi mkononi, pa! Akaniuliza, "Wewe msichana, ng'ombe akizaa unarudisha ndama?" Wateja walicheka mpaka nikataka kwenda nyumbani. Lakini sijawahi kuvuta karatasi kinyumenyume tena, na meno ya printa zangu yalidumu.

Sasa sikilizeni ubaya wa mpango wa mama. Mama akizimwa, wale wengine wanne wakibonyeza, hakuna kitu kinatoka. Lakini kile walichotuma hakipotei. Kinangoja. Mtu hajui kinangoja, kwa hivyo anabonyeza tena. Na tena. Na mama akiwashwa, vyote vinatoka pamoja.

Niliona hivyo mara ya kwanza kwa Hassan, mfanyabiashara wa ng'ombe kule Nanyuki. Ofisi yake ilikuwa na kompyuta tatu, yake na ya ndugu yake na ya karani. Karani alienda kula na kuzima mama. Hassan akabonyeza orodha ya ng'ombe wake, haitoki. Akabonyeza kwa hasira, na Hassan akikasirika hahesabu. Karani aliporudi na kuwasha, printa ikaanza. Nilipokea simu: "Mama Nyambura, kuja haraka, hii mashine imezaa! Wallahi ng'ombe wangu ni kumi na wawili, na karatasi imejaza meza!" Nilicheka njia yote hadi Nanyuki. Nilimweleza, nikamwambia karani asizime mama, nikanywa chai ya maziwa ya ngamia, nikarudi. Kwangu ilikuwa hadithi ya kuchekesha watu.

Ilikuwa mchezo kwa sababu ilikuwa ng'ombe.

Kule Mukurweini kuna zahanati ya kanisa, jina lake sitalitaja. Ina wodi ndogo ya akina mama kujifungulia, kliniki ya wajawazito mara moja kwa wiki, maabara chumba kimoja mwisho wa veranda. Msimamizi alikuwa Bwana Gachoki, mwalimu mkuu mstaafu. Mtu safi, mtu wa sala, na mtu aliyependa karatasi kuliko watu. Akiona umetupa karatasi iliyoandikwa upande mmoja tu angeiokota kwenye pipa, aipige pasi kwa kiganja na kukuuliza, "Huu upande mwingine ulikukosea nini?"

Niliwaunganishia kompyuta tano kwa printa moja. Mama ilikuwa pale mapokezi, na printa kando yake. Na siku ile ile, mimi mwenyewe, kwa mdomo wangu huu, nilimwambia Gachoki, "Mwalimu, hata hizo karatasi za upande mmoja unaweza kuzirudisha kwa trei. Weka upande uliotumika ukiangalia juu, itaandika ule msafi." Aliniangalia utadhani nimemletea wokovu. Alipiga makofi. Aliita wafanyakazi wote waje waone. Nami nikaonyesha, nikisimama hapo na kiburi changu, nikafikiri nimewasaidia maskini.

Nimewaambia mapema mnijue. Gachoki nitamgombeza, na kamati yake nitaigombeza, lakini mkidhani najitoa mimi, mmenisoma vibaya.

Katika maabara alikuwa Karimi. Msichana wa Meru, wazazi wake wakulima wa viazi juu ya Timau, wa kwanza kwao kusomea kazi ya kuvaa koti jeupe. Msichana mkimya, mwandishi mzuri, mtu wa kuosha mikono hadi ngozi inapauka. Zamani maabara ilikuwa na kitabu kikubwa cha kuandika kila tokeo kwa kalamu. Gachoki alikiondoa. Ati sasa kuna kompyuta, kitabu cha nini? Karimi alimwomba akiache. Akaambiwa asirudi nyuma.

Na pale mapokezi kulikuwa na amri nyingine ya Gachoki: saa ya chakula kila kitu kizimwe kwa ukuta. Plagi ing'olewe kabisa. Niliwaambia mama asizimwe, walinijibu, "Ndiyo, mama," na wakaendelea kung'oa. Mnawajua watu wetu. Tunang'oa plagi kwa sababu ya bili, tunang'oa kwa sababu ya radi, tunang'oa kwa sababu nyanya alikuwa aking'oa. Ukiondoka nyumbani bila kung'oa hulali.

Sasa mfahamu kitu kimoja cha hapa kwetu, hata kama nyinyi wenyewe ni wa hapa na mnakiona cha kawaida. Ndugu wawili wakioa, kila mmoja msichana wake wa kwanza anapewa jina la mama yao. Mama yao akiwa Wangari, watoto hao wote wawili ni Wangari. Na siku hizi watu wanaandikisha jina la babu kuwa la ukoo. Kwa hivyo kuna kina Wangari Nderitu wawili, mtu na binamu yake, boma moja, shule moja, wamepishana miaka saba tu. Nyumbani hakuna shida. Mmoja anaitwa Mkubwa, mwingine Mdogo. Lakini Mkubwa na Mdogo haziandikwi kwenye kitambulisho.

Wote wawili wakapata mimba mwaka mmoja. Wakaja kliniki siku moja, kwa boda boda moja, mmoja nyuma ya mwingine. Wakatolewa damu wakifuatana.

Karimi alipima kiwango cha damu ya Mkubwa kwanza. Kumi na mbili. Damu nzuri, ya mama anayekula vizuri. Akaandika kwa kompyuta, akabonyeza. Kule mapokezi walikuwa wameenda kula na plagi iko sakafuni. Karimi hakujua, yeye yuko mwisho wa veranda. Muuguzi wa kliniki akachungulia printa kutoka mlangoni, akapiga kelele, "Karimi, hakuna kitu imetoka!" Akabonyeza tena. "Bado!" Akabonyeza tena. Halafu msichana wa mapokezi akarudi, akachomeka, na printa ikatoa tatu. Muuguzi alichukua moja kwa Mkubwa. Zile mbili alizirudisha kwa trei, upande uliotumika ukiangalia juu. Vile nilivyofundisha.

Na kilichofuata kutoka maabara kilikuwa cha Mdogo. Damu sita. Mnaelewa damu sita ni nini kwa mwanamke wa mimba ya miezi minane? Huyo haendi nyumbani. Huyo anapelekwa hospitali kubwa siku hiyo hiyo. Karimi aliandika sita, akapiga mstari chini yake, akabonyeza mara moja tu. Printa ikaandika sita kwenye mgongo wa karatasi ya Mkubwa.

Ile printa hutoa karatasi ikiwa kifudifudi. Maandishi mapya yanaangalia chini. Kwa karatasi safi unaona weupe, unageuza. Lakini muuguzi aliona nini? Aliona Wangari Nderitu. Tarehe ya leo. Kumi na mbili. Angegeuza kwa nini? Alinakili kumi na mbili kwenye kitabu cha kliniki cha Mdogo, akaikunja ile karatasi ndani, akamwambia, "Damu yako iko sawa kabisa. Enda upumzike."

Mdogo alienda akapumzika wiki tatu. Alikuwa akichoka, anasikia moyo unakimbia akienda tu kuchota maji, na kila mtu alimwambia ni mimba, maana damu ilipimwa ikapatikana sawa.

Alijifungulia hapo zahanati, asubuhi, mtoto mzima. Kisha akatoka damu. Wakunga wanasema haikuwa damu nyingi sana, ilikuwa ile ambayo mwanamke mwingine angeitoa na kuomba uji. Lakini yeye hakuwa na ya kutoa. Walimkimbiza Nyeri na kumwongezea damu chupa baada ya chupa, na daktari wa huko akauliza swali moja: ni nani alisema huyu mama ana damu kumi na mbili?

Hapo ndipo niliitwa mimi.

Gachoki alinipigia. "Mama Nyambura, kuja uangalie printa. Msichana wa maabara anasema yeye aliandika sita. Sasa tunataka kujua, hii mashine inaweza kubadilisha nambari?" Nilienda. Sikuvua hata sweta. Nilichapisha karatasi kutoka kompyuta zote tano, nambari moja hadi kumi, nikalinganisha. Zote sawa. Nikaulizwa niandike. Nikaandika kwa mkono wangu: "Printa iko sawa. Haiwezi kubadilisha nambari." Nikatia sahihi na tarehe. Nusu saa, kazi imekwisha, nikapewa chai na ndizi.

Kila neno nililoandika lilikuwa kweli. Mkitaka kujua kwa nini nina hasira, anzieni hapo. Kama ningedanganya ningejilaumu kwa kudanganya na mambo yaishe.

Kwa karatasi yangu hiyo Karimi alifukuzwa. Kamati ilikaa, ikasoma kwamba mashine iko sawa, ikaona fotokopi ya ile karatasi ya ndani ya kitabu cha Mdogo, inasema kumi na mbili. Karimi akasema kompyuta yake ina sita hadi leo, wakamwambia ameirekebisha baadaye kujificha. Kitabu kikubwa cha kalamu kingemtetea, lakini kitabu walikuwa wamekiondoa wenyewe! Akatolewa mbele ya wafanyakazi wote, akavua koti jeupe kwenye veranda. Na walimwambia wataandikia watu wa leseni. Leseni ikienda, hapimi damu ya mtu tena mahali popote katika nchi hii. Miaka ya shule, viazi vyote vile baba yake aliuza, kwisha.

Na fotokopi, vijana, nieleweni vizuri. Fotokopi haina mgongo.

Mimi sikujua haya yote. Nilikuwa nimerudi kwa printa zangu. Mwezi mzima ulipita. Halafu asubuhi moja wanawake wawili waliingia dukani kwangu hapa Nyeri, mmoja amebeba mtoto mchanga. Yule mwingine nilimjua. Alikuwa amekonda.

"Shikamoo, Mama Nyambura," Karimi alisema. Hakuketi.

Alikuwa ameenda mwenyewe hadi boma la akina Nderitu. Fikirini moyo huo. Kwenda kubisha mlango wa mwanamke ambaye nchi nzima inasema ulitaka kumuua. Ndugu zake walitoka na maneno makali. Lakini Wangari Mdogo aliwaambia wanyamaze, akasema, "Huyu ndiye alinishika mkono akitoa damu, na aliniambia pole. Wacha aongee." Karimi aliomba kuona kitabu cha kliniki. Wakakifungua. Ile karatasi ilikuwa bado imekunjwa ndani, ile yenyewe, siyo fotokopi. Wakaikunjua.

Waliiweka kwenye meza yangu. Kumi na mbili. Karimi akaigeuza. Sita, na mstari chini yake.

"Ngai!" Nilisema. Nikaigeuza tena. Nikaigeuza tena. Niliangalia miaka. Upande mmoja miaka thelathini na moja, upande mwingine ishirini na nne. Miaka imeandikwa hapo juu, nyeusi kabisa! Muuguzi hakuangalia. Kamati haikuangalia. Watu wazima saba walikaa mezani na ile fotokopi, wakafukuza mtoto wa watu, na hakuna hata mmoja aliyeuliza kama mama aliyelazwa Nyeri ana miaka thelathini na moja.

Sikulia. Nilifunga duka mchana kweupe.

Kamati ilikubali kutuona Alhamisi iliyofuata, baada ya kuzungushwa mara mbili. Nilikuta wamepanga viti, mwenyekiti wao mzee wa kanisa mwenye suti, Gachoki kando yake na faili. Gachoki alianza vizuri sana. "Mama Nyambura, sisi tunakuheshimu. Lakini wewe mwenyewe uliandika printa iko sawa. Ama hiyo si sahihi yako?"

"Ni yangu," nikasema. "Na iko sawa hadi leo. Sasa nisaidie kitu kimoja, mwalimu. Vaa miwani."

Nilimpa ile karatasi mkononi. "Tusomee damu ya huyu Wangari aliyekaa hapa."

Akaangalia. "Wangari Nderitu," akasoma kwa sauti ya darasani. "Damu, kumi na mbili."

"Una hakika?"

"Si imeandikwa hapa."

"Ni ya huyu?"

"Si jina ni lake!" Alianza kukasirika. "Unatuchezea?"

"Geuza."

Aligeuza. Sitawaficha, nilifurahi kuuona uso wake. Mwalimu mkuu mzima, mbele ya kamati yake, amefanya kosa lile lile alilomfukuzia msichana, na tena yeye alikuwa ameonywa. Mwenyekiti akanyoosha mkono, akachukua karatasi, akaigeuza yeye naye, na ikazunguka meza yote ikigeuzwa.

Halafu nikawaambia yote. Plagi. Kubonyeza mara tatu. Trei. Nikasema, "Na aliyewafundisha kurudisha karatasi zilizotumika kwa printa ya watu watano ni mimi. Ningewaambia mchore msalaba mkubwa kwa kalamu kwenye ule upande wa zamani kabla ya kuurudisha, hatungekuwa hapa. Sikuwaambia. Sikufikiria. Andikeni hilo."

Mwenyekiti alikohoa. "Basi," akasema, "ni mambo ya bahati mbaya. Tushukuru Mungu hakuna mtu alikufa."

Hapo nilisimama. Sikumbuki yote niliyosema na mengine si ya kuandikwa. Nakumbuka nilimwambia kama amechoka kushukuru anaweza kuanza kuomba msamaha. Lakini aliyewanyamazisha hakuwa mimi. Ni Wangari, ambaye hakuwa amesema neno tangu tuingie. Alimhamisha mtoto bega lingine.

"Mzee," alisema polepole, "mimi nilienda. Nilisikia huyu mtoto analia na nikashindwa kufungua macho nimwone. Nikajua nimeenda. Na hapa mnasema ni bahati." Alimwonyesha Karimi kwa kidevu. "Huyu hakunikosea. Mrudisheni kazi yake. Na hao watu wa leseni muwaandikie leo, nikiwa hapa nikiona."

Waliandika. Alingoja mpaka barua ikatiwa mhuri, akaisoma mwenyewe, akageuza kuona nyuma kuko wazi. Kitabu kikubwa cha kalamu kilirudishwa kwa maabara wiki hiyo hiyo. Gachoki alimpa Karimi mkono, akaangalia ukuta.

Sasa shikeni kalamu muandike. Printa ya watu wengi haiwekewi karatasi iliyotumika, hasa mahali pa ugonjwa, mahali pa mitihani, mahali popote pa majina. Mwenye kushikilia kubana matumizi, achapishe kwa karatasi hizo barua za ofisini kwake, kwa printa yake. Kompyuta mama bandikeni karatasi kwenye plagi yake: USING'OE. Siyo kusema tu, bandikeni. Mkiweza, tafuteni printa iliyotumika yenye tundu la waya wa mtandao, isimame yenyewe bila kutegemea mama yeyote. Zipo, na si ghali kama mnavyodhani. Na tokeo likichapishwa liwe na nambari ya mgonjwa kubwa kuliko jina lake, maana huku kwetu jina ni la boma lote.

Na mkiulizwa kama mashine iko sawa, nyinyi mnaojibu "iko fiti" kabla hamjaweka begi chini, nawaambia kwa hasira yangu yote: swali si hilo.

Siku ile ya kamati tulipotoka nje nilidhani tutakumbatiana. Nilikuwa nimepigana, si ndiyo? Nilikuwa nimejilaumu mbele ya watu. Wangari alinishika mkono wangu kwa mikono yake miwili na kushukuru, akaenda kupanda boda. Karimi alibaki amesimama kwenye veranda, pale pale alipovulia koti.

"Mama Nyambura," akasema, "siku ile ulikuja kuangalia printa, mimi nilikuwa kwa maabara. Nilisikia sauti yako. Nilikuwa nimesimama nyuma ya mlango, nikasema, sasa fundi amekuja, ataniuliza ilikuwa aje. Nikangoja."

Niliangalia ule mlango wa maabara.

"Nilisikia ukiambiwa karibu chai. Nikangoja hata hiyo chai iishe. Mbona hukuniuliza?"

"Nilikuwa nimeambiwa niangalie printa," nilisema.

"Na mimi?"

Ningesema nilikuwa na haraka, lakini nilikuwa nimemaliza ndizi mbili.

"Haya," akasema, na akaingia ndani.

Karimi yuko kazini hadi leo. Printa yao ikikwama wanamwita fundi wa Othaya. Kabla sijastaafu nilipiga simu kuuliza kwa nini siitwi tena, na msichana wa mapokezi akaniambia kwa adabu kwamba ni Karimi alikataa. Nilimwambia ni sawa, Karimi hajakosea.